Nyumba Iliyo kwa Jina Langu

Kijana wa benki aliponiambia kwamba nina nyumba, nilidhani amefungua faili la mtu mwingine. Nikamwambia arudie. Akarudia kwa adabu zote, macho kwenye kompyuta: "Mama, mfumo unaonyesha una nyumba tayari, iko mjini karibu na soko. Kwa hiyo huu mkopo wa nyumba ya kwanza haukuhusu." Mimi huyo! Mimi niliyetoka asubuhi ile kwenye chumba na sebule cha kupanga kule Ipagala, ambako mwenye nyumba hataki nipige hata msumari wa pazia, leo naambiwa nina nyumba. Nilitamani kumtandika na mkoba. Lakini kosa halikuwa lake, na mwanamke wa umri wangu akizua vurugu benki watu husema ana matatizo ya nyumbani. Na kweli nilikuwa nayo, tena yote yalianzia kwenye hiyo nyumba aliyoitaja.

Nyumba anayoisema ni ya babu yetu mzaa baba. Sisi ni watu wa mjini hapa, wa tangu enzi za misafara, waliokuja na vitambaa na chumvi wakaoa wakabaki. Babu aliijenga, baba akairithi, na baba alipofariki tukabaki nayo sisi watoto watatu na mama yetu. Mbele ina fremu mbili za maduka. Kati ya fremu kuna chumba kikubwa chenye dirisha la barabarani, nacho kaka yangu mkubwa alikifunga kwa kufuli akakifanya stoo ya viroba vyake vya mashudu ya alizeti, yale makapi ya kulisha mifugo. Ukivuka ua, huko nyuma kabisa, kuna chumba cha mama. Na choo kiko kona ya pili ya ua, choo cha kuchuchumaa, kinachotumiwa na wenye maduka, wateja wa wenye maduka, na yeyote aliyebanwa sokoni.

Mama yangu aliteleza kwenye ua huo akavunjika nyonga. Alipona, kupona kwa kutembelea mkongojo. Baada ya hapo nikaanza kuona anakonda, midomo inakauka, na zahanati wanasema hana maji mwilini. Nikamuuliza, mama, maji si yapo ndani? Akanizungusha zungusha, mwisho akaniambia ukweli: akishakula mchana hanywi tena maji, ili asilazimike kuvuka ua kwenda kupanga foleni ya choo na vijana wa sokoni. Mwanamke aliyetuzaa, mjane wa mwenye nyumba, anakaa na kiu ndani ya nyumba ya mumewe kwa ajili ya choo. Siku hiyo niliapa nitampatia mama nyumba yenye choo ndani, hata kama itanibidi nile mlenda mkavu mpaka nistaafu.

Nilikuwa nimewaambia kaka zangu habari ya choo, usidhani sikuwaambia. Mkubwa alisema tutaangalia. Wa pili, anayeuza simu pale stendi, alisema ni wazo zuri, akaniuliza kama ninaye fundi wa bei nafuu, kisha akapokea simu ya mteja na hajawahi kurudi kwenye mada hadi leo. Kodi za fremu zilikuwa zinaingia kwa kaka mkubwa, na sikuwahi kuona hata ndoo mpya ikinunuliwa kwenye ua ule.

Basi, mimi ni katibu muhtasi, naandika barua za wakubwa kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Siku moja watu wa benki walikuja ofisini kutupa semina ya mikopo ya nyumba. Tukapewa soda na sambusa, taa zikazimwa, tukaonyeshwa picha za nyumba zenye maua. Wakatueleza kwamba upo mkopo wa kununua nyumba iliyokwisha jengwa, na nyumba hiyohiyo ndiyo inakuwa dhamana. Upo wa kujenga, unaotolewa kwa awamu: msingi, ukuta, paa. Upo wa kumalizia boma, na huo ulipigiwa makofi, maana nusu ya ukumbi walikuwa na maboma yaliyoota miti ndani. Kisha wakautaja wa nyumba ya kwanza, kwa mtumishi ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote. Kianzio chake kidogo, muda wa kulipa mrefu, makato ya kawaida. Tena una dirisha lisilo na riba: benki yenyewe inanunua nyumba, halafu inakuuzia wewe kwa bei mliyokubaliana, unalipa taratibu. Hapo nilinyoosha mkono nikauliza mara mbili, kwa sababu namjua mama. Ukimwingiza kwenye nyumba ya riba atalala barazani.

Wenzangu walinishauri ninunue kiwanja Zuzu, nijenge mdogo mdogo kama kila mtu. Jamani, mimi sikuwa natafuta pa kuzeekea. Mama alikuwa na kiu leo. Nikaenda kuangalia nyumba Ihumwa, kwenye zile ndogondogo zinazojengwa na kuuzwa zikiwa tayari. Vyumba viwili, jiko, na choo cha kukaa, mlango wake unatazamana na mlango wa chumba ambacho moyoni nilishampa mama. Nilifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, nikajikuta machozi yananilenga mbele ya muuzaji. Alikuwa mtu mwema, akasema atanishikia hiyo nyumba wakati benki inashughulika. Nikapeleka karatasi zote benki. Ndipo nikaitwa kuambiwa mimi ni mwenye nyumba.

Sasa jina langu lilifikaje kwenye nyumba ya babu? Hapo ndipo damu inapochemka, naomba unisikilize. Baba alipofariki, ukoo ulikaa kutafuta msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa alikuwa na shughuli. Kaka wa pili alikuwa na shughuli. Mimi peke yangu ndiye niliyeonekana sina shughuli, kwa kuwa eti nimezoea ofisi. "Wewe unajua kuongea na hawa watu," waliniambia. Ndiyo tabia yetu watu wa mjini: jambo la heshima anatangulia mwanamume, jambo la foleni anatumwa dada mwenye kazi serikalini. Nikaenda mahakama ya mwanzo, nikapigwa danadana, nikarudi, nikaenda tena, mpaka nikateuliwa. Kisha mikataba ya zamani ya viwanja vya mji ikaanza kubadilishwa kuwa hati mpya, nikatumwa tena. Dirishani, ofisi ya ardhi, wakaniuliza hati iandikwe jina la nani. Nikampigia kaka mkubwa simu palepale. Akasema andika lako, tutabadilisha baadaye, si jina tu? Hati ilipotoka aliichukua, akaifungia kwenye kabati lake. Hiyo baadaye yake naisubiri mpaka leo. Mimi nikabaki na jina, wao wakabaki na nyumba.

Nilimweleza kijana wa benki hayo yote. Alinisikiliza, tena naona alinionea huruma, lakini akasema benki haisomi historia, inasoma matokeo ya upekuzi wa ardhi, yaani jina lililo kwenye daftari la serikali. Nina njia mbili, akaniambia. Nichukue mkopo wa kawaida wa kununua nyumba, ambao kianzio chake kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu, au jina langu litoke kwenye ile hati kwanza. Nikaona la pili ni jepesi. Si jina tu?

Nilikwenda kwa kaka mkubwa jioni hiyohiyo, tena nimebeba na matunda. Nikamwomba kwa upole turudishe nyumba kwenye majina ya warithi wote ili nipate mkopo nimchukue mama. Alibadilika uso. Akaniuliza ni nani amenitia maneno. Nikamwambia hakuna maneno, kuna choo. Akasema kugawa majina ni kuivunja nyumba ya baba, na kwamba wanawake wa siku hizi wakishapata mshahara wanaanza kutafuta hati. Kutafuta hati! Hati niliyoisotea foleni kwa miguu yangu! Niliondoka bila kuaga, nikayaacha yale matunda mezani, na mpaka leo yananiuma.

Baada ya hapo waliitisha kikao cha familia, Ijumaa baada ya swala, kwenye ua uleule. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyekaa kwenye kiti. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniombea dua ya kazi. Kisha kaka mkubwa akatoa karatasi iliyochapwa tayari. Ilisema kwamba mimi nimeshapokea fungu langu lote la urithi, sina ninachodai, na kwa hiari yangu naihamisha nyumba kwa kaka yangu mkubwa kwa niaba ya wote. Nikauliza fungu langu nililipokea lini na lina rangi gani. Nikauliza kwa nini isiandikwe majina yetu wote. Kaka wa pili akasema majina mengi yanawachanganya watu wa ofisi. Baba mdogo akanibembeleza: mwanangu, saini upate mkopo wako, mtoto wa kike kwake ni kwa mumewe. Mume gani, baba? Mume aliyenirudisha na begi moja, nikalala chumba cha mama mwaka mzima kwa sababu chumba cha mbele kilikuwa kimelala mashudu? Hayo niliyasema, tena kwa sauti, na wenye maduka wakapunguza redio ili wasikie vizuri.

Nisikufiche, kalamu niliishika. Nilipiga hesabu ya haraka kichwani: fungu la urithi nisilolila, dhidi ya choo cha ndani cha mama. Choo kilishinda. Nilikuwa nimeshainama kwenye karatasi, nimejaa hasira, wakati mama aliposogea na mkongojo wake mpaka mlangoni kwake. Hakuwa ameitwa kwenye kikao. Kikao kizima kilikuwa kinafanyika mbele ya mlango wake na hakuna aliyemwita.

"Na mimi mjane wake mmeniandika wapi?" aliuliza.

Dini imempa mjane mwenye watoto thumuni yake, sehemu moja ya nane, hilo kila mtoto wa madrasa analijua, na baba mdogo ndiye aliyetufundisha. Kwenye karatasi ile mama hakuwepo kabisa. Kaka mkubwa akasema mama, wewe uko ndani ya sisi wote. Mama akamjibu kwamba yeye yuko ndani ya chumba cha nyuma, na kama mimi nasaini ili kumtoa, basi nisisaini, hatoki. Hatatoka kwenye nyumba ya mumewe kwa kumfukarisha binti yake. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Nilipasua karatasi ile vipande vipande, nikawatolea uvivu wote na baba mdogo wao. Nilisema mengi ambayo sitayaandika hapa. Yaliyobaki mtaani unayajua: kwamba nimepagawa, kwamba nataka kuipiga bei nyumba ya ukoo, kwamba ofisi zimeniharibu. Shangazi mmoja alinipigia simu kutoka Mlali kunionya nisije nikalaaniwa. Nikamwomba aje avuke ua na mkongojo kisha turudi kwenye habari ya laana. Akakata.

Nyumba ya Ihumwa ikaenda. Muuzaji alinipigia mwenyewe, akaomba radhi, akasema amepatikana mtu mwenye mkopo uliokamilika na yeye ana wadai wake. Nikamwambia hakuna neno, nikamshukuru, nikakata simu, nikaingia choo cha ofisini nikalia mpaka mwenzangu akaja kunigongea. Niliwalilia wote, benki na kaka zangu na mimi mwenyewe, na kubwa zaidi nililia kwa sababu ilikuwa saa nane mchana na nilijua mama ameshafunika gudulia lake la maji.

Yule kijana wa benki ndiye aliyenitafuta. Aliniamkia, akasema amelifikiria jambo langu. Kwa mkopo wa nyumba ya kwanza sina sifa kwa kuwa nina nyumba. Lakini kwa kuwa nina nyumba, nina sifa ya mkopo wa ukarabati. Huo ni mdogo, unakatwa kwenye mshahara, hauhitaji kuweka hati rehani. Inatosha matokeo ya upekuzi yanayoonyesha kwamba nyumba ni yangu, nayo wanayo mezani. Nilicheka kicheko kibaya. Yaani niikarabati kwa mshahara wangu nyumba ambayo kodi zake anakula mwingine? Nikamwambia sitaki. Usiku wote nikagaagaa. Asubuhi nikampigia nikamwambia nataka, tena leo.

Nikachukua kwa lile dirisha lisilo na riba, kwa hiyo benki ilinunua vifaa kwanza: saruji, vigae, mabomba, beseni, na choo cha kukaa chenye mfuniko mweupe. Wallahi choo kile kilikuwa mali ya benki asubuhi nzima, mchana ndio wakaniuzia mimi. Mama nilipomweleza aliuliza kama nina hakika hakuna riba ndani yake. Nikamwambia mama, kwenye hicho hakuna riba, kuna kelele tu. Fremu mbili za mbele nazo nikazipitia na barua ya upekuzi mkononi, nikawaambia wapangaji kwamba kodi inayofuata inakuja kwangu mpaka vifaa vilipwe vyote. Mmoja akataka kubisha. Nikamsomea jina langu kwenye barua, polepole, mpaka akaelewa.

Fundi alikuja, akapima, akatikisa kichwa. Chumba cha mama kiko bondeni, akasema, majitaka hayawezi kupanda mlima. Bomba la mji linapita barabarani, mbele. Choo cha ndani kinawezekana sehemu moja tu, kwenye kile chumba kikubwa cha dirisha la barabarani. Kile cha kufuli.

Nilimpigia kaka mkubwa. Nilimwomba aje afungue. Akasema yuko Kongwa ananunua alizeti, nisubiri atakaporudi, tutaangalia. Nilipolisikia hilo neno tutaangalia, kitu kilikatika ndani yangu. Nikamwambia fundi akate kufuli. Aliniuliza kama nina ruhusa ya mwenyewe. Nikamwambia anaongea naye.

Viroba vyake sikuvitupa, mimi si mwizi wala si mwendawazimu. Tulivitoa kimoja kimoja, tukavipanga uani, tukavifunika turubai. Chumba kile kilipofagiliwa mama alisimama katikati akaniambia hapa ndipo alipoletwa siku ya harusi yake, akaonyesha kona ambayo kitanda kilikaa. Sikujua. Nimezaliwa nyumba ile na sikuwahi kujua, maana nilipopata akili tayari kilikuwa stoo ya baba. Tukakiweka kitanda kwenye kona hiyohiyo. Fundi akajenga ukuta, akapiga vigae, akafunga choo, akavuta mnyororo wa maji mbele yetu kama mtu anayezindua daraja, na mama akamwombea dua ndefu.

Kaka mkubwa alirudi wingu la mvua likiwa limeanza kutanda. Wapangaji walishampigia. Aliingia na vumbi lake la safari, kiatu mguuni, hakubisha hodi, akanikuta mlangoni.

"Nani kakupa ruhusa ya kuvunja kufuli kwenye nyumba ya baba?"

Nilikuwa na jibu refu, nimelipika siku nyingi. Mama akaniwahi kutoka kitandani.

"Hujaniamkia."

Mtu mzima, ndevu zina mvi, akavua viatu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniona nilipo?"

"Nimekuona."

"Basi sema kwa mdomo wako. Unataka nirudi kule nyuma?"

Aliangalia kitanda, akaangalia mlango mpya wa choo, akaniangalia mimi kwa jicho ambalo nalijua tangu utotoni. Nilidhani ataomba radhi. Nilimpa nafasi hiyo, Mungu shahidi. Akakohoa, akasema mvua inakuja na viroba vyake viko nje, vitalowa, na hana pengine pa kuviweka.

"Kile chumba cha nyuma kiko wazi," nilimwambia. "Kama kilimfaa mama, mashudu hayatalalamika."